Mbacha Nao Unapita

Jumapili moja jioni binti wa kaka yangu aliingia jikoni kwangu Kihonda, Morogoro, akakalia mbuzi ya nazi kama mtu aliyekuja kukuna, na nazi hakuigusa. Nilikuwa napepeta mchele. Alingoja mpaka nikautua ungo, ndipo akaninyooshea simu.

"Shangazi, hebu soma."

Ujumbe wenyewe ulikuwa wa mstari mmoja na nusu. Hongera, umepita usaili, jiandae kuripoti mapema, karibu sana. Na kiua pembeni.

"Nikaandike barua ya kuacha kazi kesho asubuhi?"

"Mshahara umeandikwa wapi hapa?"

"Hawajauandika. Waliutaja siku ya usaili. Milioni moja na laki moja."

"Na tarehe ya kuanza?"

"Wamesema mapema."

"Mwanangu, mapema si tarehe."

Alikuwa na mkataba wa miezi 9 kwenye mradi mmoja wa takwimu za wakulima wa mpunga. Kazi yake ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta madodoso yaliyotoka Kilombero kwa magunia, yakiwa na vumbi na alama za vidole za matope. Zilikuwa zimebaki wiki 7. Mshahara wake ulikuwa shilingi 850,000, alilala kwangu bure na alikula kwangu bure. Ofa mpya ilitoka kwa kampuni ya usafirishaji Dar es Salaam.

Mimi nimekaa kwenye kiti cha ofisa utumishi miaka 22 kabla sijastaafu, kwa hiyo jibu nilikuwa nalo mdomoni kabla hajamaliza swali. Nikamwambia walichosema wahenga: usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa kizazi cha simu ilibidi nieleze. Mbacha ni mkeka uliochakaa, ule unaoukalia kila siku mpaka ukingo umenyofoka. Msala ni mkeka wa kusalia, safi, wa rangi, unaoonekana umebebwa na mtu anayepita njiani. Ukiinuka kuukimbilia, mwenye msala kashapita, na mbacha wako mwenzio kaukalia.

Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akasema, "Lakini Shangazi, mbacha wenyewe nao unapita. Baada ya wiki saba unakunjwa."

Sikuwa na jibu. Nikampa nazi akune.

*

Sura hii ni matokeo ya jibu lake lile. Kwa miaka mingi niliwashauri vijana wa mikataba mifupi kwa busara iliyotungwa kwa ajili ya watu wenye kazi za kudumu, na sheria zenyewe nilizisoma kwa macho ya mwajiri aliyekuwa akinilipa. Zisome upya uone kioja kilichomo.

Watu wengi huamini kwamba kazi ya muda ni kamba legevu. Kwa kuwa ni ya muda, unaweza kuondoka muda wowote. Husema "nimejishikiza tu hapa", na neno hilo la kujishikiza linabeba picha ya mtu aliyening'inia kwenye mlango wa daladala, mguu mmoja ndani, mmoja nje, tayari kuruka kituo chochote. Kwa kibarua wa siku au deiwaka anayeshika usukani wa gari la mwenzake kwa siku moja, picha hiyo ni sahihi. Kwa mwenye mkataba wa maandishi wenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, mambo ni kinyume kabisa. Mkataba wa muda maalumu unamfunga mfanyakazi zaidi kuliko ule wa kudumu.

Kwa Tanzania, mambo ya notisi yamo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 41 ndicho kila mtu amekisikia: siku 7 kama bado uko ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi, siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Hapo ndipo wengi wanapoishia kusoma, wanaandika barua ya siku 28, wanafungasha. Lakini kifungu hicho kinaanza na sharti ambalo jicho hulipita: kinahusu mkataba ambao unaweza kusitishwa kwa notisi. Je, wa kwako unaweza?

Jibu liko kwenye kanuni zilizotoka mwaka 2007, Tangazo la Serikali Namba 42, kanuni ya 6. Inasema mfanyakazi aliyekubali mkataba wa muda maalumu anaweza kujiuzulu endapo tu mwajiri amevunja mkataba kwa kiasi kikubwa, mathalani kutokumlipa mshahara. Kama mwajiri hajakosea, njia halali ya kutoka ni moja: mwajiri akubali mkataba uishe kabla ya wakati wake. Mwenye mkataba usio na kikomo yeye anatoa notisi yake na kuondoka, wala haombi ruhusa ya mtu.

Ukilifikiria kwa utulivu, mantiki yake ipo. Mkataba wa miezi 9 ni ahadi ya pande mbili. Mwajiri ameahidi kukulipa miezi 9, naye akikutoa mwezi wa tano bila sababu, unaweza kumpeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ukadai. Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, imewahi kuamuru wafanyakazi wa namna hiyo walipwe mishahara ya miezi iliyobaki. Basi na wewe uliahidi kufanya kazi miezi 9. Anachokosa kijana ni kuambiwa hivyo siku ya kusaini. Siku hiyo kila mtu ana furaha, karatasi inapitishwa juu ya meza, "saini hapa, na hapa, na kila ukurasa weka kifupi cha jina," na nakala yako inaingia kwenye bahasha ya kaki inayokwenda kulala chini ya nguo.

Nisimtishe mtu. Katika miaka yangu yote sikuona mwajiri akimburuza karani wa mkataba mfupi mbele ya Tume kwa sababu kaondoka wiki 7 kabla. Gharama haimlipi. Na mikataba mingi ya siku hizi ina kipengele chake cha notisi, kwamba upande wowote unaweza kuuvunja kwa taarifa ya mwezi mmoja au kulipa mshahara wa mwezi badala yake. Ukiwa na kipengele hicho, umeshapewa mlango, pita. Usipokuwa nacho, barua yako isiwe ya kuarifu. Iwe ya kuomba. Kuna tofauti kubwa kati ya "naacha kazi kuanzia tarehe fulani" na "naomba tukubaliane mkataba wangu uishe tarehe fulani", na tofauti hiyo haikugharimu hata senti.

Binti akaenda kuleta bahasha. Tukausoma mkataba juu ya meza ya chakula, mimi na miwani yangu, yeye na kalamu. Kipengele cha notisi hakikuwemo. Kilichokuwemo, ukurasa wa nne, ambacho alikuwa hajawahi kukisoma, ni kiinua mgongo cha asilimia 10 ya mishahara yote ya msingi, "kwa mfanyakazi atakayemaliza muda wa mkataba."

*

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu hujidanganya wenyewe wakiwa wamekaa.

Alichokuwa akikiona yeye ni tofauti ya 250,000 kwa mwezi: milioni moja na laki moja ukitoa laki nane na nusu. Lakini mshahara unaotajwa kwenye usaili haufiki mfukoni. Kwenye 850,000 zake, NSSF inachukua asilimia 10, yaani 85,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 127,500, maana alisoma kwa mkopo kama wenzake wengi. Kodi ya mapato, kwa viwango ninavyovijua wakati naandika, ambapo 270,000 za kwanza hazitozwi na zinazofuata hutozwa asilimia 8, kisha 20, kisha 25, inafika 69,250. Anabaki na 568,250.

Fanya hivyo hivyo kwa 1,100,000. NSSF 110,000, Bodi 165,000, kodi 125,500. Anabaki na 699,500. Tofauti ya kweli ni 131,250. Zile 250,000 alizokuwa akizipangia matumizi tangu Ijumaa, karibu nusu yake ilikuwa ya Serikali na mifuko yake.

Kisha Dar es Salaam. Chumba kimoja cha kupanga, tuseme 80,000 kwa mwezi, na wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi 6 kwa mpigo: 480,000 kabla hujanunua hata ndoo. Akaniuliza kama hawezi kukaa hapahapa kwangu awe anakwenda na treni ya mwendokasi asubuhi na kurudi jioni. Wazo zuri, na treni yenyewe ni fahari. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa shilingi 13,000 kwenda tu. Kwenda na kurudi siku 22 za kazi ni 572,000. Tukacheka.

Kiinua mgongo je? Miezi 9 mara 850,000 ni 7,650,000, asilimia 10 yake ni 765,000. Hizo anazipata akimaliza, akiondoka leo hazipati. Nikagawa 765,000 kwa ile tofauti ya 131,250, nikapata miezi karibu sita. Nikamwonyesha kwa kalamu yangu. "Unaona? Itakuchukua nusu mwaka kule kurudisha ulichokiacha hapa. Na hiyo ni kabla ya kodi ya chumba."

Nilikuwa najiona nimemaliza kazi. Yeye akachukua kalamu.

"Shangazi, umelinganisha mshahara na mshahara kana kwamba yote miwili inaendelea. Huu wa hapa una wiki saba. Wiki ya nane unalinganisha 699,500 na sifuri."

Ni kweli. Kosa langu lilikuwa lilelile la methali. Nililinganisha kazi mbili kana kwamba zote ni mikeka iliyotandikwa. Ukilinganisha kwa haki, 765,000 ya kiinua mgongo ni kama mwezi mmoja na siku chache za mshahara mpya. Anayekataa kazi ili aipate, kisha akae nyumbani miezi mitatu akitafuta nyingine, amenunua nazi kwa bei ya mnazi.

Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya lolote ni hili: baada ya tarehe ya mwisho kuna nini? Ndilo swali ambalo mwenye mkataba mfupi huona aibu kumuuliza bosi wake, akidhani ataonekana hana subira. Muulize. Muulize waziwazi, ukiwa umesimama mlangoni na faili lako: "Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, kuna mpango wa kuuhuisha?" Sheria inamlinda kidogo mtu aliyepewa sababu za msingi za kutarajia kuhuishwa. Kutomhuisha mtu huyo kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kumwachisha kazi isivyo halali. Lakini lazima pawe na sababu: ahadi, desturi ya kuhuisha mara kwa mara, kazi yenyewe kuendelea. "Tutaona" si sababu. Binti alipouliza Jumatatu, alijibiwa "tutaona, inategemea wafadhili."

Na wafadhili tunawafahamu. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na sehemu kubwa haikurudi. Miradi ya afya na kilimo huku Afrika Mashariki ilisimama kazi ikiwa mikononi, na watu waliokuwa na mikataba yenye tarehe zilizopigwa muhuri wakaambiwa wabaki nyumbani. Wapo niliowajua waliokataa ofa miezi michache nyuma kwa sababu waliona ni utovu wa shukrani kuondoka katikati ya mradi. Siwacheki. Ila tangu wakati ule, kijana akiniambia anabaki kwa uaminifu, namuuliza huo uaminifu ni kwa nani: kwa wenzake wa dawati, kwa wakulima wanaosubiri takwimu zao, au kwa bajeti iliyo bara jingine isiyomjua jina?

*

Neno "kibarua" lenyewe ni barua ndogo. Zamani kule pwani mfanyakazi wa siku alipewa kijikaratasi akianza kazi, na kwa kijikaratasi hicho ndipo alipolipwa. Jina la karatasi likahamia kwa kazi, kisha kwa mtu. Tangu mwanzo, kazi ya muda kwetu imekuwa habari ya nani ameshika karatasi na imeandikwa nini.

Wakoloni waliichukua karatasi hiyo wakaifanya mnyororo. Kenya, kuanzia mwaka 1919 na 1920, kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alitakiwa kuwa na kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Ndani yake mwajiri aliandika siku ya kuanza, mshahara, na siku ya kuondoka. Kama hakuandika siku ya kuondoka, mtu yule hakuweza kuajiriwa kihalali kwingine. Alikuwa bado ni wa bwana wa kwanza, na akipatikana njiani, alishitakiwa kwa kutoroka kazi. Huku Tanganyika sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 nayo ilihesabu kuacha kazi kabla ya muda kuwa ni kosa la jinai. Kwenye mashamba ya mkonge, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na manamba walioletwa kutoka Kigoma na Songea walihesabu vyumba vya kadi ile kama mfungwa anavyohesabu ukuta.

Nayaleta haya kwa sababu nimeona mabaki yake ofisini. Bado wapo waajiri wanaoamini kwamba mtu akiomba kuondoka mapema anawaibia, na wanajibu kwa kukalia haki zake. Sheria ya sasa haiwaruhusu. Siku unayotoka, kwa njia yoyote uliyotokea, mshahara wa siku ulizofanya kazi ni wako, likizo uliyoichuma bila kuitumia inalipwa, na unapewa cheti cha utumishi kinachoonyesha ulifanya kazi hapo. Cheti hicho ni kile kipande kilichogeuzwa: sasa karatasi ya kuondoka ni haki ya mfanyakazi, si ridhaa ya bwana. Kidai. Vijana wanakisahau, wanakumbuka miaka mitatu baadaye, ofisi ya mradi ikiwa imeshakuwa duka la simu.

Kuna lingine la NSSF. Namba yako ni ileile, unakwenda nayo kwa mwajiri mpya, usikubali kufunguliwa nyingine. Kabla hujaaga, angalia kama michango yako imeingia kweli, maana ni rahisi kumkumbusha mhasibu ukiwa bado unapita mlangoni kwake kila siku. Na fao la kukosa ajira halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Ofa ikiyeyuka baada ya wewe kujiuzulu, huendi kuomba pale.

*

Maana ofa huyeyuka. Hili ndilo lililonifanya nimzuie binti asiandike barua Jumatatu ile, na hapa sikubali kusahihishwa. Ujumbe wa simu wenye kiua ni msala ulio mabegani kwa mtu anayepita. Unakuwa umetandikwa pale unapokuwa na barua yenye mambo manne: cheo, mshahara wa msingi ukiwa umetenganishwa na posho, tarehe ya kuanza, na sahihi ya mtu mwenye mamlaka ya kuajiri. Mpaka hapo, kaa kimya kwenye kazi yako, fanya kazi yako. Nimewahi kumwona kijana aliyeaga kwa keki na soda, wenzake wakachanga wakamnunulia begi, na Jumatatu akafika kule akaambiwa nafasi imesitishwa mpaka mwaka wa fedha ujao. Aliogopa kurudi hata kusalimia. Begi lilikuwa zuri sana.

Barua ikija, soma muda wa majaribio. Kwa sheria zetu, mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri wake, hana ile kinga kamili dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali. Ulipo sasa umeshaivuka miezi 6. Unakokwenda unaanza upya, siku ya kwanza. Si sababu ya kukataa. Ni sababu ya kuwa na akiba ya chakula cha miezi miwili kabla ya kuhama.

Namna ya kuondoka nayo niliiona kwa macho. Mwaka mmoja tulikuwa na mtunza stoo wa mkataba, kijana hodari. Ijumaa ya mshahara aliondoka na hakurudi. Hakuaga, simu akaizima. Funguo za stoo zilikuwa mfukoni mwake. Ndani kulikuwa na vyandarua vya vijiji vitatu, magari ya kukodi yamesimama uani yakihesabiwa kwa siku. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alhamisi tukavunja kufuli kwa idhini ya maandishi ya watu watatu. Hatukumshitaki. Miezi minane baadaye nikapigiwa simu na mwajiri aliyekuwa anataka kumchukua. Nikataja tarehe aliyoanza na tarehe ya mwisho kuonekana. Akauliza, "Kuna la zaidi?" Nikasema hakuna. Tukakaa kimya wote wawili kidogo, akashukuru, akakata.

Sikusema uongo hata neno moja, na sijui kama alimwajiri. Lakini mara nyingi nimejiuliza ingekuwaje kama Ijumaa ile angeacha funguo kwa mlinzi.

*

Binti alijibu ule ujumbe Jumatatu mchana. Jibu tuliliandika pamoja: anashukuru, amefurahi, anaomba barua rasmi yenye mshahara na tarehe ili azungumze na mwajiri wake wa sasa. Aliogopa wataona anaringa. Zikapita siku 11 bila jibu, na katika siku hizo nilimwona akila nusu sahani. Kisha barua ikaja. Mshahara wa msingi 1,100,000 kama walivyosema, majaribio miezi 6, kuanza tarehe mosi, yaani wiki 3 kabla ya mkataba wake wa mradi kuisha. Akaomba wamsogezee wiki hizo 3. Wakakataa kwa upole: magari yanaingia msimu, wanahitaji mtu.

Akaingia kwa meneja wake na barua ya kuomba. Hakwenda mikono mitupu. Aliandika kwamba madodoso ya vijiji viwili vilivyobaki atayamaliza kabla hajaondoka, hata kwa Jumamosi, na kwamba atamfundisha mwenzake namna ya kusafisha takwimu. Meneja alikasirika siku moja, akalala nalo, asubuhi akamwita. Akamwambia, "Ungekuwa mwanangu, ningekwambia uende."

Nilimshauri binti aombe kiinua mgongo kwa sehemu, kwa miezi aliyoitumikia. Aliomba. Mhasibu akafungua ukurasa wa nne, akamsomea ule mstari wa mwisho.

Makubaliano yao ni ya mistari minne, yana tarehe, muhuri na sahihi mbili. Cheti cha utumishi alikichukua siku hiyohiyo. Chumba alipata Kimara, nusu ya kodi ya miezi 6 nilimkopesha mimi. Shilingi 765,000 hakulipwa, na mkataba wa mradi haukuhuishwa kwa mtu yeyote.